Mgongo Unauma Ndani ya Mustang: Fundi wa Viti Anajibu

Safari hii nimewapa nafasi wasomaji walioko Marekani, maana barua zao zimerundikana na karibu zote zinalilia kitu kimoja: viti vya magari ya zamani. Huku nyumbani ukisema V8, yaani injini ya silinda nane, watu wanaelewa Land Cruiser. Leo nazungumzia V8 za Kimarekani, Mustang, Camaro na Plymouth za miaka ya 1960, magari yaliyotengenezwa yakimbie, dereva akaachwa ajitafutie pa kuegemea.

Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, nina Mustang ya 1966. Nikiendesha nusu saa tu kiuno kinawaka moto. Nimeweka mto mnene wa sponji, ndiyo hali ikazidi. Nifanyeje?

Marahaba. Anza kwa kuutoa huo mto. Umekunyanyua hadi mapaja yakakaribia usukani, na kiuno kimebaki hewani.

Ugonjwa uko ndani zaidi. Kiti chako ni fremu ya chuma yenye springi za waya uliopindwapindwa kama nyoka, juu yake kitambaa cha gunia, kisha sponji, kisha ngozi bandia. Gunia ndilo linalozuia springi zisiitafune sponji. Miaka 60 imepita: gunia limeoza, springi zimelegea au zimechomoka kwenye ndoano zake, sponji imegeuka unga. Mulika tochi chini ya kiti. Ukikuta unga wa rangi ya kahawia kwenye zulia, hiyo ndiyo sponji yako.

Kitoe kiti. Nati zake zinafunguliwa kutoka uvunguni mwa gari, zimezibwa kwa vifuniko vya mpira. Vitunze hivyo vifuniko. Ngozi imeshikiliwa na vipete vya waya. Vikate kimoja kimoja bila haraka, kwa sababu vipete vipya ni bei ndogo lakini ngozi ikichanika utalia. Rudisha springi mahali pake, tandika gunia jipya, weka sponji mpya. Na usichague sponji kwa kuibonyeza kwa kidole dukani. Uliza uzito wake: tafuta ya kilo 40 au zaidi kwa mita ya ujazo, ambayo huko kwenu wanaihesabu kama pauni 2.5 kwa futi ya ujazo. Sponji nyepesi ya godoro inapendeza mwezi mmoja, halafu inalala moja kwa moja.

Sasa mkao, na hapa ndipo watu wengi wanapopita bila kuangalia. Mgongo wa kiti hiki haulazwi nyuma. Unakunjwa kuja mbele tu ili abiria wa nyuma apite. Lakini pale chini unapotua kuna vizuizi vya mpira. Ukiweka vifupi zaidi, mgongo wa kiti unarudi nyuma kidogo, na hicho kidogo kiuno chako kitakisikia. Kisha inua sehemu ya mbele ya reli, ile ambayo kiti kinatelezea mbele na nyuma, kwa sentimita 1 au 2, kwa vipande vya chuma kigumu. Mapaja yatapata pa kulala, na uzito wako hautaangukia wote kwenye makalio. Hakikisha nati bado inashika meno yake yote. Isipofika, tafuta bolti ndefu zaidi, usiifunge nusunusu. Kazi hii ya mkao mimi naiweka mbele ya sponji yoyote ya bei kubwa.

Na pochi iliyo mfuko wa nyuma, itoe kabla hujakaa.

Kaka, mimi ni mrefu, futi 6 na inchi 3. Kwenye Camaro yangu ya 1968 magoti yanagonga usukani. Ninunue usukani mdogo?

Unaweza, ila piga hesabu kwanza. Ukitoka usukani wa inchi 16 kwenda wa inchi 14, goti linapata inchi 1 tu. Usukani ulifanywa mkubwa ili dereva apate nguvu ya kukata kona, kwa hiyo kama gari lako halina pawa stelingi, mabega yatakuambia siku ya kuegesha. Mimi ningeanza na reli. Kuna vipande vya kuongeza vinavyorudisha kiti nyuma inchi kadhaa. Kabla ya kukaza chochote, kalia kiti na ukanyage klachi mpaka mwisho. Goti likinyooka kabisa, umerudi nyuma kupita kiasi, na utakuwa unaikimbiza pedeli kwa nyonga. Baadhi ya Camaro za mwaka wako zilitoka na usukani unaoinamishwa, kwa kulipia zaidi. Ukiupata mzima, huo ungenipendeza kuliko wote.

Fundi, rafiki yangu ananishauri nifunge viti vya Mazda Miata, lile gari dogo la michezo la watu wawili, kwenye Mustang ya 1965. Ni sawa?

Wengi wanafanya hivyo, na sababu ipo: ni vyembamba, vinashika kiuno, na vina pa kuegemeza kichwa. Sheria ya Marekani ilianza kulazimisha viegemeo vya kichwa tarehe 1 Januari 1969, kwa hiyo kiti chako cha asili kinakomea mabegani. Ukigongwa kwa nyuma, shingo haina msaada.

Ila kiti cha gari jipya kikiwa na mfuko wa hewa (airbag) ubavuni, ule unaofumuka gari likigongwa, kiache. Ndani yake mna kemikali inayolipuka kama baruti, na gari lako halina mfumo wa kuiongoza. Tengeneza mabano ya chuma yanayotumia matundu ya asili, usitoboe sakafu ovyo, na penye kutu pachomelewe kwanza. Viti vya zamani vifunge vizuri uviweke stoo. Nakuomba sana usivitupe.

Huku Phoenix, Arizona, ni jua kali. Miguu inaungua, na kiti kinanata mgongoni.

Toa zulia, bandika mkeka wa kuzuia joto wenye karatasi ya alumini juu, hasa pale bomba la moshi linapopita. Ziba kila tundu la sakafu na la ukuta wa injini. Ukisikia harufu ya moshi ndani, acha kuendesha hadi uijue inatoka wapi. Katikati ya kiti shonea kitambaa badala ya ngozi bandia.

Plymouth yetu ya 1968 ina kiti kimoja kirefu cha mbele. Mume wangu ni mrefu, mimi nina futi 5. Kikiwa nyuma sifikii breki.

Dada, siku unayoendesha wewe, kiti kije mbele, yeye avumilie. Kisipotosha, weka mto mgumu mgongoni, si chini ya makalio, uwe na mikanda ya kuufunga usiteleze. Jaribu unene tofauti gari likiwa limesimama. Ule unaokuwezesha kukandamiza breki hadi mwisho bila mgongo kuachana na mto, huo ndio mpelekee fundi aushone.