Kazi ya duka la viatu: raha iko kwenye mguu, karaha iko stoo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kazi ya kuuza duka la viatu ina faida gani na taabu gani. Najibu kwa maduka ya viatu vipya ya Dar es Salaam, ya Kariakoo hasa.

Faida ya kwanza ni kuujua mguu, ujuzi ambao hata duka likifungwa unaondoka nao. Muuzaji anayeijua kazi haishii kuuliza "unavaa namba ngapi?" Anamsimamisha mteja juu ya karatasi, kwa kuwa mguu ukibeba uzito hutanuka, kisha anapima kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kinachozidi vingine. Anapima yote miwili na kufuata ulio mrefu. Mguu wa sentimita 26 unaongezewa sentimita 1.5 za nafasi, inakuwa 27.5, zidisha kwa 1.5, unapata namba 41 na kidogo. Atoe 41, na 42 iwe karibu, maana viwanda havilingani. Ngozi huachia kwa upana, hairefuki. Kumwambia mteja "kitaachia tu" wakati dole gumba limegota mbele ni kumdhulumu, na atarudi na malengelenge, boksi mkononi.

Kuna pia punguzo la mfanyakazi, na kwenye maduka yanayotoa kamisheni, Januari shule zikifunguliwa na siku za kuelekea Idi hulipa vizuri.

Taabu huanzia miguuni mwa muuzaji mwenyewe: kusimama kutwa, kupiga magoti, kupanda ngazi ya stoo mara kadhaa kwa mteja mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Msimu wa sikukuu, andika saa zako kwenye daftari kila siku.

Lakini kinachoumiza zaidi ni stoo. Ukutani hutundikwa kiatu kimoja cha kila pea, na duka lisipokubaliana kuwa ni cha kulia daima, vitachanganyika: 41 kulia, 42 kushoto, boksi moja, na mteja kashapanda daladala kwenda Mbagala. Kabla ya kufunga, soma namba ya viatu vyote viwili, halafu ya boksi. Cha ukutani nacho hupauka kwa mwanga kikabaki tofauti na mwenzake, kwa hiyo kibadilishwe mara kwa mara.

Halafu kuna soli nyepesi za povu la poliyurethani, aina ya plastiki. Pea imekaa boksini miaka, haijavaliwa hata mara moja, inang'aa. Mteja anaivaa harusini, na kabla ya keki soli inameguka kama mkate mkavu. Wengi hulaumu gundi. Mara nyingi ni unyevunyevu wa hewa, ambao huivunja poliyurethani polepole, na joto la pwani huharakisha. Kukaa bila kuvaliwa hakuikingi. Andika mwezi wa kuingia kwenye kila boksi, mzigo wa zamani utoke kwanza, na maboksi yasiguse sakafu wala ukuta. Kabla ya kuuza, bonyeza soli kwa dole gumba na uikunje kidogo: ikinata, ikibaki na shimo au ikionyesha nyufa, usiiuze hata kwa nusu bei.

Hasara za namna hiyo mara nyingi humwangukia muuzaji, na hapa vijana wengi wanaonewa kwa kutojua. Sheria hiyohiyo hairuhusu tajiri kukata mshahara kufidia hasara isipokuwa imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, sababu na hesabu yake zimeandikwa, na mfanyakazi amepewa nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya mshahara. Ukiambiwa kuna pea imepungua, omba hesabu hiyo kwa maandishi kwanza.