Dhoruba ya theluji ikikaribia, tafuta mstari kabla ya kuuliza inchi

Siku nne kabla ya dhoruba, kundi letu la WhatsApp hapa Lowell, Massachusetts, hujaa swali moja: inchi ngapi? Naelewa linakotoka. Wakenya wengi wa mji huu tunafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee, na mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani alfajiri hangoji barabara isafishwe. Mtu anataka kujua kama alale kazini, kama abadilishane zamu na mwenzake, kama watoto watabaki nyumbani. Lakini kwa miaka yote ambayo nimefuatilia dhoruba hizi, na nazifuatilia kwa mapenzi ya kweli, nimeona kwamba siku nne kabla, namba ya inchi haimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kujua mstari unaotenga penye theluji nzito na pasipo utapita wapi, na unaweza kusogea kiasi gani.

Dhoruba zetu kubwa huzaliwa mbali na hapa. Mgandamizo mdogo wa hewa hujijenga baharini karibu na pwani ya Carolina, unapata nguvu pale hewa baridi kutoka Kanada inapokutana na hewa yenye unyevu juu ya mkondo wa maji moto wa Atlantiki, kisha unapanda kuelekea kaskazini-mashariki. Wanaofuatilia hali ya hewa huku wana nukta moja wanayoikodolea macho: latitudo 40 kaskazini, longitudo 70 magharibi, kusini mwa kisiwa cha Nantucket. Kitovu cha dhoruba kikipita karibu na nukta hiyo, kuna uwezekano mkubwa Boston, Worcester na sisi wa Lowell tukapata theluji ya kutosha. Kikibana pwani na kupita juu ya Cape Cod au Providence, upepo wa mashariki unaleta joto la bahari nchi kavu, Boston inapata mvua, nasi tunapata mchanganyiko, huku Worcester, ambako vilima vinafika mita 300 na zaidi, theluji inaendelea kuanguka. Kikipita mbali baharini, tunaambulia makombo.

Kwa hiyo kuna mistari miwili. Wa kwanza ni mpaka kati ya mvua na theluji, ambao hutokea upande wa bahari na kusini. Wa pili ni ukingo wa kaskazini na magharibi, pale wingu zito linapokatika ghafla na hewa kavu inashika. Watu huhangaika na ule wa kwanza tu. Ule wa pili huumbua utabiri vilevile.

Tarehe 13 Februari 2024 ni mfano ambao wengi hapa hatujausahau. Siku mbili kabla, utabiri wa Boston ulikuwa wa theluji nzito. Shule zikafungwa mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo njia ya dhoruba ikasogea kusini, theluji ya maana ikaangukia Connecticut, na Boston ikaamkia barabara nyeusi. Watu wakalaumu watabiri. Lakini aliyekuwa akisoma maelezo yao tangu jana yake aliona jinsi wasiwasi ulivyokuwa ukiongezeka, kila toleo likivuta theluji kusini kidogo kuliko lililotangulia. Januari 2015 ilikuwa hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. New York iliambiwa itegemee zaidi ya futi 2, hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, na mwishowe Central Park ikapimwa inchi 9.8, yaani kama sentimita 25. Dhoruba hiyohiyo iliipa Worcester inchi 34.5, karibu sentimita 88. Hakuna aliyekosea kuhusu dhoruba yenyewe. Ilikuja, na ilikuwa kubwa. Kilichosogea ni ukingo wake wa magharibi. Gary Szatkowski, aliyekuwa akiongoza ofisi ya hali ya hewa ya Mount Holly, New Jersey, aliomba radhi hadharani usiku uleule, na mimi nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Sasa nije kwenye namna ya kufuatilia, maana ndicho ninachoulizwa mara kwa mara.

Siku 10 hadi 7 kabla, jua tu kwamba kuna jambo linawezekana, basi. Ramani zenye rangi ya zambarau zinazosambazwa mitandaoni wakati huo, zikionyesha futi 3 juu ya mji wako, ni zao la modeli moja ya kompyuta katika toleo moja. Saa sita baadaye toleo jingine litaionyesha theluji hiyohiyo ikiangukia baharini. Nawaomba sana ndugu zangu, msizitume kwenye makundi ya kanisa. Kuna mama anayeishi peke yake ambaye anaiona ramani hiyo na halali usingizi kwa wiki nzima.

Siku 5 hadi 3 kabla ndipo kazi inapoanza, na hapa msaada mkubwa ni utabiri wa makundi. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, hakitoi jibu moja tu. Kinaendesha modeli yake mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayejua hali halisi ya anga yote kwa wakati mmoja. Wamarekani wanafanya vivyo hivyo mara 31 kwa modeli yao ya GFS. Ukipata ramani inayoonyesha vitovu vyote hivyo kama vidoti, tazama vimekaaje. Vikiwa vimetapakaa kuanzia Pennsylvania hadi katikati ya Atlantiki, namba yoyote ya inchi unayoisikia ni ya kubahatisha. Vikianza kukusanyika toleo baada ya toleo karibu na ile nukta ya 40 na 70, hapo anza kupanga zamu yako. Na tazama pia kama vinahama pamoja kuelekea upande mmoja. Mwelekeo wa matoleo manne mfululizo una maana kuliko toleo lolote moja, hata lile linalokupendeza.

Kwa saa zetu za Kiswahili, wakati wa baridi GFS ya asubuhi huanza kutoka kama saa nne na nusu, ya Ulaya kama saa saba mchana. Za usiku hivyohivyo: saa nne na nusu, kisha saa saba usiku. Mtu wa zamu ya usiku anayo nafasi nzuri hapo kuliko mtabiri wa televisheni aliyelala. Matoleo haya yanategemea vipimo vya saa moja asubuhi na saa moja jioni, wakati maputo yenye vyombo vya kupima yanaporushwa katika vituo vingi duniani. Hii ndiyo sababu utabiri mara nyingi hutulia wimbi la hewa ya juu litakaloanzisha dhoruba linapotoka Pasifiki na kuingia nchi kavu ya magharibi mwa Marekani. Baharini linaonwa na setilaiti na ndege chache. Likifika bara, maputo yanalipima moja kwa moja.

Kama una dakika kumi tu kwa siku, acha ramani zote na usome kitu kimoja: mjadala wa utabiri wa ofisi ya serikali ya hali ya hewa. Ofisi yetu ipo Norton, Massachusetts. Nenda weather.gov, andika msimbo wa posta wa mtaa wako, kisha tafuta kiungo cha mjadala huo, Forecast Discussion kwa Kiingereza. Hayo ni maandishi ya mtabiri mwenyewe, aliyekaa zamu kama wewe, akieleza anachokiamini, anachokitilia shaka na kwa nini. Atakuambia kama uhakika wake ni mdogo, wa kati au mkubwa. Atakuambia modeli ya Ulaya inabana pwani huku ya Marekani inakwenda nje, na yeye anaegemea wapi. Mwanzoni lugha yake ni nzito, na vifupisho vimejaa, lakini baada ya dhoruba mbili tatu utaizoea. Katika mambo yote ninayoyafuata, hakuna lililonifundisha kuliko hili.

Siku ya mwisho kabla, jihadhari na ramani za inchi zenyewe. Nyingi huchukulia kwamba inchi 1 ya maji ni inchi 10 za theluji. Katika baridi kali na anga tulivu, inchi hiyo 1 inaweza kuwa 15 au hata 20 za theluji nyepesi inayopeperuka ukiipuliza. Katika joto linalokaribia kuyeyusha, inakuwa 5 au 6, nzito kama nini, ile inayovunja matawi na migongo ya watu. Tena baadhi ya ramani huhesabu chembe za barafu kama theluji. Chembe hizo hutokea pale safu ya hewa ya joto inapojipenyeza juu, kwenye mita 1,500 au zaidi, ikayeyusha theluji ambayo inaganda tena kabla ya kutua. Chini kunaweza kuwa na nyuzi 27 za Farenihaiti (maji huganda kwenye 32), umevaa jaketi na glavu, na bado juu yako kuna joto. Ukilala ukasikia dirisha linagongwa kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, ujue ule mstari wa kwanza umekufikia, na namba ya inchi uliyoahidiwa haitatimia.

Siku yenyewe, rada. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: rada inaonyesha theluji juu ya Lowell, unachungulia nje, hakuna kitu. Theluji ipo, ila inakauka njiani kwa sababu hewa ya chini ni kavu. Usiikatie tamaa, angalia kipimajoto. Tuseme ni nyuzi 36 na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake hugeuka umande, ni 20. Kila chembe inayokauka inanyonya joto la hewa, na ndani ya saa moja au mbili utaona nyuzi 33, kisha 31, na ndipo inaanza kushika juu ya magari. Mtu anayeangalia joto peke yake alisema itakuwa mvua. Anayeangalia na umande alijua. Kwa kweli hili ndilo ninalopenda kuliko yote katika kufuatilia dhoruba. Huwa nasimama mlangoni na kipimajoto mkononi.

Ikiwa upepo unatoka mashariki moja kwa moja, kumbuka bahari. Desemba maji bado yana joto kuliko Februari, kwa hiyo dhoruba ile ile inaweza kuwa mvua Boston mwezi mmoja na theluji tupu mwezi mwingine. Kituo rasmi cha Boston kipo uwanja wa ndege wa Logan, ukingoni kabisa mwa maji. Usiichukue namba ya Logan ukaifanya ya Lowell.

Kuhusu kazi, mambo ni machache. Ongea na msimamizi wako siku mbili kabla, ukiwa na maneno ya mtabiri mkononi: saa itakayoanza, saa itakayokuwa mbaya zaidi, saa itakayopungua. Hayo matatu ni muhimu kwa msafiri kuliko jumla ya inchi, kwa sababu inchi 2 zikianguka ndani ya saa moja, magari ya kusukuma theluji hayawezi kushindana nazo. Angalia kama mji umetangaza marufuku ya kuegesha barabarani, la sivyo gari litavutwa. Na tafadhali, kabla ya kuwasha gari lililofukiwa, chimba kwanza bomba la moshi. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ikirudi ndani inaua, nayo haina harufu ya kukuonya. Bomba la hita ya nyumba linalotokeza ukutani nalo lisafishwe.

Mwisho kuna kupima, na ningependa tuwe wengi zaidi hapa. Upo mtandao wa wananchi unaoitwa CoCoRaHS, ulioanzishwa Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins ya mwaka uliotangulia. Unajiunga bure, unajifunza mtandaoni, na vipimo vyako vinatumiwa na watabiri. Kwa theluji unahitaji ubao uliopakwa rangi nyeupe, wenye upana kama wa kiwiko hadi ncha za vidole kila upande, uuweke mahali tambarare mbali na ukuta na miti. Weka kijiti chenye kitambaa pembeni, usije ukaupoteza. Pima kwa rula hadi sehemu ya kumi ya inchi. Usifute ubao mara nyingi zaidi ya mara moja kila saa sita, maana ukifuta kila saa unajipatia inchi ambazo hazikuwepo: theluji inapokaa hujishindilia yenyewe.

Na upime hata siku ambayo ubao ni mkavu. Asubuhi ile ya Februari 2024, sifuri zilizoandikwa na watu wa kaskazini mwa Boston ndizo zilizoonyesha ukingo ulipokatikia. Sifuri inaandikwa kwenye fomu ileile, kabla ya kwenda zamu.