Siku arobaini za mzazi: majibu ya maswali yenu

Nimejifungua siku sita zilizopita kwa njia ya kawaida. Mama mkwe ananikanda asubuhi na jioni kwa maji yanayotoa mvuke, hadi ngozi ya tumbo imebabuka. Anasema nisipokandwa damu itabaki tumboni. Ni kweli? — Mzazi wa kwanza, Tanga

Hongera kwa uzazi, na pole kwa hiyo ngozi. Damu haitolewi na maji ya moto. Kondo likishatoka, pale lilipokuwa limeshikamana panabaki mishipa iliyo wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba yenyewe inapokaza. Misuli hiyo hukazwa na homoni ya oksitosini, ambayo mwili huitoa kila mtoto anaponyonya. Ndiyo maana ukimweka kifuani tumbo linakata. Hilo ndilo chango la uzazi, na kwa aliyezaa mara ya pili au ya tatu huwa kali zaidi.

Unaweza kulithibitisha kwa mkono wako. Kojoa kwanza, lala chali, bonyeza taratibu chini ya kitovu. Baada tu ya kujifungua donge gumu la mji wa mimba huwa karibu na kitovu. Kila siku hushuka kwa takriban upana wa kidole kimoja, na kati ya siku ya 10 na ya 14 hulishiki tena. Kibofu kikijaa hulisukuma juu na kulizuia kukaza, kwa hiyo usibane mkojo. Nenda kila baada ya saa 2 au 3 hata kama hujabanwa.

Tazama pedi. Siku 3 au 4 za mwanzo damu ni nyekundu, kisha inapauka kuwa ya waridi au kahawia mpaka kama siku ya 10, halafu majimaji ya manjano au meupe hadi wiki ya 4 au ya 6. Ikienda hivyo, tumbo linajisafisha. Lakini pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, ukisikia uvundo, au joto la mwili likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri arobaini iishe.

Kukandwa si lazima kuachwe, maana mgongo wa mzazi unachoka kweli na mkono wa mtu anayekujali unatuliza. Maji yawe ya uvuguvugu: anayekanda atumbukize kiwiko chake, na kama hawezi kukiacha humo kwa hesabu ya kumi, yamezidi moto. Kitambaa kikamuliwe, kiwekwe mgongoni, kiunoni na mabegani kwa dakika 10 hadi 15. Tumbo lisisukumwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma usikandwe kabisa, huenda damu imeganda ndani. Huo ni wa kupelekwa hospitali. Mama mkwe mwambie hivi: "Mama, nikande mgongo, tumbo nesi amesema tuliache." Sehemu iliyobabuka iache bila mafuta wala dawa ya meno, na kama ina malengelenge usiyatumbue, ikaonwe kituoni.

Nilichanika nikashonwa. Naogopa kwenda haja kubwa. Jirani amenipa chumvi na dawa ya kuua vijidudu nichanganye kwenye beseni. — Mama Pendo, Dodoma

Rudisha vyote viwili kwa shukrani. Chumvi haiharakishi kidonda kupona, na dawa ya vijidudu huunguza nyama laini. Chukua beseni lililosuguliwa, maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, ukalie dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku. Jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, usifute. Ukikojoa, jimwagie maji kutoka mbele kwenda nyuma wakati mkojo unatoka. Mwasho unapungua sana. Pedi ibadilishe kila baada ya saa 4.

Choo hakiachanishi nyuzi. Kinachoumiza ni choo kigumu kinachosukumwa kwa nguvu. Kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga za majani, na ukisikia haja usiiahirishe. Shika pedi safi juu ya nyuzi, ikandamize kidogo kwa mbele, uvute pumzi na uachie taratibu. Nyuzi zinazotumika msambani kwa kawaida huyeyuka zenyewe baada ya wiki chache. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au usaha, si kawaida.

Mke wangu amejifungua kwa upasuaji. Dada zake wanataka kumfunga mkaja. Na lini ataweza kuchota maji? — Baba Mchanga, Mombasa

Ndugu yetu, ndoo ni yako kwa wiki 6. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, naye hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto. Kulala kutwa nako si kuzuri: atembee chumbani na uani kila siku, kwa kuwa kulala tu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kuamka asijikunje kutoka chali. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akikohoa, akumbatie mto tumboni.

Mkaja uliolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili humpa egemeo, mradi usisugue kidonda. Ukikazwa sana, uzito unashukia nyonga ambayo misuli yake bado imelegea. Kitambi hauondoi. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kama alivyoelekezwa, kikauke. Kisipakwe majivu, asali wala unga wa vidonge.

Vidonge vya kuongeza damu vinanifanya nipate choo cheusi, nimeviacha. Mtori na uji wa pilipili manga havitoshi? — Mzazi, Arusha

Choo cheusi ni rangi ya madini ya chuma, hakina madhara. Endelea navyo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Meza pamoja na chungwa, na chai ikae mbali kwa saa 2. Mtori mzuri, ila uongezewe nyama, dagaa, maharage na mchicha.

Mtoto ana wiki nne. Nalia bila sababu, na silali hata yeye akilala. — Asiyetaka jina, Nairobi

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 10 huwapata wazazi wengi na hupita. Yakivuka wiki 2 ni ugonjwa wenye tiba, na wewe umevuka. Siyo uvivu, wala hujakosa imani. Ukimpeleka mtoto kupimwa uzito, usiondoke kabla nawe hujaonwa: sema haya uliyotuandikia, na omba upimwe presha, kwani kichwa kinachouma sana na macho kuona maluweluwe ni hatari hata baada ya kujifungua. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, asikuache peke yako, mwende hospitali leo. Na usiku wa leo, mnyonyeshe mtoto, kisha dada au mama amchukue chumba kingine kwa saa 4, wewe ulale.