Nyumba moja, sare mbili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vipuri vya bodaboda Tabata, Dar es Salaam. Mwanangu yuko darasa la tano Ingilishi Midiamu; binti wa marehemu dada yangu, tunayeishi naye, yuko darasa hilohilo Kayumba, shule ya serikali. Alfajiri mmoja anapanda basi la shule, mwenzie anabeba fagio na kidumu cha maji. Kijiweni mimi ndiye mpiga debe wa elimu sawa kwa wote. Juzi binti kaniuliza, "Mjomba, kwani mimi sina akili?" Ada ya pili siimudu. Nifanyeje?
Baba wa Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenishika pabaya. Nimefundisha Kayumba miaka 31, darasa la watoto tisini na ushee, na wanangu wote wawili niliwapandisha hilohilo basi la njano. Ofisini kwetu haikuwa siri. Tulijua tunachokipika, tukakataa kukila.

Mwaka 1974, Tabora, nilikaa dawati moja na mtoto wa mpagazi wa stesheni na mtoto wa bwana afya. Choo cha shule kikijaa, bwana afya alikuja mwenyewe, kafura. Leo mwenye sauti mtaani kamhamisha wake; choo kikijaa nani afoke?

Binti usimhamishe. Akihama sasa, kwa ajili ya Kiingereza watamrudisha hata darasa la tatu, naye ataamini kweli hana akili. Ila Kiingereza atakihitaji, maana kidato cha kwanza karibu masomo yote ni kwa lugha hiyo. Basi jioni wakae meza moja: mwanao amsomee vitabu vyake, yeye amwelekeze hesabu (watoto wa Kayumba kwa hesabu usiwachezee). Na fagio wapokezane hapo nyumbani.

Halafu kuna wewe. Ada ya msingi ilifutwa 2001, michango ya lazima 2016, na wazazi wengi wakadhani na vikao vimefutwa. Cha Ingilishi Midiamu hukosi, najua, na shati unapiga pasi. Cha Kayumba umewahi kwenda? Nenda, kaa mbele, uulizie choo.

Na swali la binti usiliache hewani. Mwambie pesa ilitosha ada moja, ukamchagua mwanao. Umwambie hapo mezani, mwanao akisikia.