Mbona mnyoo bapa ni bapa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba minyoo bapa hawana moyo, mapafu wala damu. Hewa inazifikiaje seli zao za ndani? Na mbona nyungunyungu, naye ni mnyoo, ana damu?

Jibu: Marahaba. Jibu umeshalishika: ni ule ubapa wenyewe. Mnyoo bapa kama planaria hupumua kwa ngozi. Oksijeni iliyoyeyuka majini hupenya mwilini na kusambaa yenyewe, seli hadi seli, bila kusukumwa na chochote. Lakini usambaaji huo hauwezi safari ndefu. Umbali ukiwa mara 2, muda unakuwa mara 4. Ukiwa mara 10, muda unakuwa mara 100. Seli iliyojificha milimita kadhaa ndani ingekufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana planaria anaweza kufikia sentimita 2 kwa urefu, ila unene wake ni kama milimita 1 tu. Kurefuka anaweza, kunenepa hawezi.

Na chakula je? Hapa ndipo ninapomstaajabia zaidi. Mdomo wake hauko kichwani, uko katikati ya tumbo, na humo hutoka koromeo kama mrija wa kufyonzea. Utumbo umegawanyika matawi makuu matatu, moja kuelekea mbele na mawili nyuma, kila moja lina vitawi vingi, hivyo chakula hupelekwa karibu na kila seli. Kazi ya damu inafanywa na utumbo! Mabaki hutoka kwa mdomo uleule. Tegu, mnyoo bapa mwingine, yeye hana hata utumbo. Hufyonza chakula kwa ngozi, na utepe wake mwembamba humpa ngozi kubwa ya kufyonzea.

Nyungunyungu ni mnene na wa mviringo, kwa hiyo ngozi peke yake haimtoshi. Hewa huingia kwa ngozi yenye unyevu, kisha damu yenye himoglobini huibeba hadi ndani.

Usihitimishe, hata hivyo, kwamba kila asiye na moyo lazima awe bapa. Yavuyavu, mnyama laini wa baharini asiye na moyo, anaweza kupita mita 1 kwa upana, lakini sehemu kubwa ya mwili wake ni ute mzito. Seli zake nyingi zimepangwa katika tabaka nyembamba zinazogusana na maji.

Ukimpata planaria mweupe, mpe kipande kidogo cha ini, kisha mtazame kwa lenzi. Matawi ya utumbo yatajichora meusi ndani ya mwili wake.