Usilipasue pipa la petroli kwa grenda

Mkuu, umeuliza kama pipa la lita 200 lililokuwa na petroli, ulilonunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, unaweza kulipasua kwa grenda utengeneze jiko la nyama choma, kwa kuwa limekaa wazi juani wiki nzima. Hapana, nakusihi usiliguse. Pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke wa petroli, na ukifikia takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyomo ndani, cheche moja inatosha. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini hata ukiacha kifuniko wazi. Kusuuza kwa maji na sabuni hakutoshi, mabaki hujificha kwenye maungio.

Na wanaosema la dizeli halina neno wanawaponza vijana wetu: joto la kuchomelea hugeuza mabaki kuwa mvuke, na mfuniko ukifyatuka unaua. Wenye utaalamu hulisafisha kwa mvuke wa maji moto, kisha hupima gesi kwa kifaa kabla ya kukata.

Jiko la chakula nunulia bati jipya la chuma, fundi akukunjie.