Kwa mnaoanza kusimamia ruzuku za watoto na familia: sukeni, msikoroge

Wiki hii nimepitia bajeti tatu zilizoandaliwa na maafisa wetu wapya, na katika zote tatu mshahara wa mhudumu wa familia umegawanywa asilimia 60 kwa Head Start (mpango wa serikali ya shirikisho ya Marekani wa watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo) na asilimia 40 kwa TANF (ruzuku ya shirikisho kwa majimbo ya kusaidia familia maskini zenye watoto), bila hata karatasi moja inayoonyesha saa alizofanya kazi. Wadogo zangu, nawapenda na bidii yenu naiona, lakini shimo hilo nililitumbukia mimi kabla yenu, na sitanyamaza nikiwatazama mkilielekea.

1. Kuunganisha fedha kwa kawaida ni kusuka, si kukoroga. Atazamaye mkeka huona kitu kimoja, lakini msusi anajua kila chane ilikotoka. Familia ione huduma moja na mlango mmoja. Vitabu vyetu vionyeshe kila dola na mfuko wake. Hata pale sheria ya Marekani inaporuhusu kuhamisha, masharti hayafutiki: jimbo linaweza kuhamisha hadi asilimia 30 ya ruzuku yake ya TANF kwenda kwenye malezi ya watoto na huduma za jamii, huduma za jamii zisizidi asilimia 10, na fedha zikiingia katika mfuko wa malezi hufuata kanuni za mfuko huo.

2. Makadirio ya bajeti si ushahidi wa kazi. Katika mwaka wangu wa pili niliweka mgawanyo huo huo wa 60 kwa 40 na kuuacha miezi kumi na mmoja bila kuugusa. Mkaguzi alipouliza saa za mhudumu, nikampa bajeti. Hakubishana nami, aliiweka mezani, akaweka kando yake daftari la ziara la mhudumu, kisha akapitisha kalamu taratibu juu ya mwezi Machi, ambapo karibu ziara zote zilikuwa kwa familia zenye watoto wakubwa, wasiohusika kabisa na Head Start. Kazi ilikuwa imefanyika, tena vizuri, ila niliitoza mfuko usiostahili. Kanuni za shirikisho zinaruhusu kuanza na makadirio, mradi baadaye yarekebishwe yalingane na kazi halisi, na kurekebisha ndiko nisikokufanya. Matumizi yalikataliwa, tukarejesha fedha kutoka akiba ya taasisi, na mkataba wa mhudumu yule haukuongezwa, ingawa yeye ndiye aliyeandika kila ziara kwa uaminifu. Wiki chache baadaye mama mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini mgeni wake wa Jumanne haji tena. Nilipokea simu hiyo mimi mwenyewe, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi. Tangu siku hiyo sijafunga hesabu za mwezi kabla ya kulinganisha saa na malipo, na sitakubali mtu wa kitengo hiki afanye hivyo.

3. Saa moja ya mzazi anayejitolea haihesabiwi kuwa mchango wa taasisi, yaani sehemu ya gharama tunayopaswa kuchangia wenyewe kwa fedha au kwa kazi ya kujitolea, katika ruzuku mbili. Head Start kwa kawaida hudai mchango wa asilimia 20 ya gharama zote, na fedha nyingine za shirikisho hazikubaliki kuziba pengo hilo isipokuwa sheria iseme hivyo.

4. Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa shirikisho huanza tarehe 1 Oktoba na wa majimbo mengi tarehe 1 Julai, kwa hiyo mhudumu mmoja anaweza kuwa ndani ya miaka miwili ya fedha kwa wakati mmoja, na bakaa ya upande mmoja haiwezi kulipia upande wa pili.

Bajeti zenu tatu nimezirudisha. Nileteeni tena Ijumaa, zikiwa na taarifa za saa za mwezi uliopita zilizosainiwa na mhudumu mwenyewe pamoja na msimamizi wake.